Sawasawa ya Mama

Balo la mitumba likifunguliwa linatoa harufu ambayo kila mtu wa rika langu hapa Kolwezi anaijua: naftalini, raba ya viatu vya watu, na kitu fulani kama chumba kilichofungwa muda mrefu. Juzi nilikuwa napita sokoni na haraka zangu, mwuzaji mmoja akawa anakata kamba za balo lake, na harufu hiyo ikanisimamisha. Nilijikuta nina miaka kumi na miwili tena, nimeshikana mkono na dada yangu Kabange, tunangoja kupimwa nguo ambazo hatukuzichagua. Nilikasirika palepale, katikati ya watu, kwa hasira ya zamani ambayo nilidhani imeniisha.

Kabange na mimi ni mapacha. Huku kwetu tunasema mapasa. Hata majina yetu hayakufikiriwa na mtu. Kwa Waluba, pacha anayetangulia kutoka ni Kyungu na anayefuata ni Kabange, wawe wasichana au wavulana, wapendeze au wasipendeze. Mimi ndiye Kyungu. Majina yalikuwa yanatungoja kabla hatujazaliwa, kama viti viwili vilivyopangwa ukutani, na sisi tukaja tu kuvikalia.

Inasemekana siku tulipozaliwa majirani walijaa uani wakamwimbia baba nyimbo za matusi, maana ndivyo baba wa mapacha anavyopongezwa, na yeye akacheza kwa furaha huku akitukanwa yeye na ukoo wake. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Akawa Sha-Mapasa, na mama akawa Mama Mapasa. Baba alilichukua jambo hilo kwa mzaha, kama alivyoyachukua mambo mengi. Alikuwa dereva wa lori la mawe ya shaba, akitoka mgodi wa Mutoshi jioni akiwa mwekundu kwa vumbi hadi kope. Mama hakuwa na mzaha hata kidogo.

Neno la mama lilikuwa sawasawa. Bukari, ugali wetu, ilipimwa kwa mwiko uleule, na kama tonge langu lilionekana limezidi, alilikata akaliongeza kwenye sahani ya Kabange. Tulisukwa nywele siku moja, mistari ileile, na kama wa kwanza alisukwa mistari saba na giza likaingia, alikaa na wa pili mlangoni kwenye mwanga wa mwisho mpaka naye atimize saba. Kabange alipovunja sahani, tulichapwa wote wawili, fimbo tatu tatu. Nililalamika mara moja kwamba sahani sikuigusa. Mama akanijibu kwamba anajua, akainua fimbo ya tatu.

Wageni nao walitii. Mjomba wangu mmoja alikuja kutoka Tenke na kuku mmoja, akijisifu jinsi alivyomlisha. Mama akamshukuru, akamfunga kuku mlangoni, akakataa kumwingiza ndani. Yule kuku alikaa pale siku mbili, mjomba akizunguka mtaa mzima akitafuta mwenzake wa kufanana naye, na alipompata, tena mwembamba, ndipo wote wawili wakaingizwa. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilimwangalia sana yule kuku wa kwanza, jinsi alivyokuwa amefungwa akingoja mwingine aje ndipo naye ahesabike kuwa kuku.

Sababu ya yote haya tuliijua, kwa sababu tuliimbiwa kila baridi ilipoingia. Mama alisema kulikuwa na mapasa wawili wasichana, zamani, kijijini. Mmoja akapewa triko, sweta la sufu, na mwenzake hakupewa. Aliyekosa akakasirika moyoni, na pacha akikasirika hasemi, anaondoka duniani. Haikuisha hata mwezi, akafa. "Ukipatia mumoja, patia na mwenzake," mama alikuwa akituambia, hata sisi wenyewe, kama vile kesho na sisi tungezaa. Hatukuuliza wale wasichana walikuwa wa nani. Mtoto haulizi majina ya watu wa hadithi.

Nguo zetu zilitoka kwa Mama Zaina, mwanamke Mwislamu ambaye jamaa zake walitoka Kasongo na kutawanyika katika miji yote ya migodi kwa biashara. Yeye alifuata bidhaa hadi upande wa Zambia, na kule alikuwa ameokota neno moja la Kiingereza, same, akarudi nalo akalitumia kwa kila kitu. Blauzi mbili zilizokatwa kwenye kitambaa kimoja zilikuwa same. Bei ya jana na ya leo, same. Tulipomuuliza habari za mumewe aliyerudi safarini, alikunja mdomo: alienda, amerudi, same. Nililipenda neno hilo kwa namna ambayo wasichana wengine walipenda shanga. Lilionekana kufanya kazi nyingi kuliko sawasawa ya mama. Sawasawa ya mama ilikuwa amri. Neno la Mama Zaina mara lilisifia, mara lilichoka, mara lilicheka mtu.

Nasema yote haya kwa wenzangu wa umri huu, ambao wengi walitamani kuwa na pacha. Mlitamani vibaya. Sikuwahi kulala peke yangu kitandani, wala kwenda chooni bila mtu kusimama nje ya mlango. Hakuna aliyeniita Kyungu isipokuwa baba na mama. Wengine wote waliita "we, Mapasa," na yeyote kati yetu aliyegeuka alitosha. Nilikuwa na kitu changu kimoja tu, kwamba nilipenda kusoma. Kabange hakupenda. Yeye alikuwa na mdomo wa kuchekesha na jicho la ajabu kwa mawe. Alishika jiwe lililoanguka kutoka kwenye gunia la wachimbaji akakwambia hili ni shaba tupu au lina kobalti, na wanaume wazima walikubali. Darasani alikaa kando yangu kwenye benchi moja, akichungulia daftari langu, na mimi nikisogeza mkono ili aone vizuri. Niliona hilo nalo ni sawasawa.

Darasa la sita tulifundishwa na Direktere mwenyewe, mkuu wa shule, mzee mrefu mwenye koti moja. Mwaka ule kulikuwa na jambo kubwa. Shule ya bweni ya masista, safari ya siku nzima kutoka kwetu, ilikuwa ichukue wasichana wachache watakaofaulu mtihani wa taifa wa kumaliza msingi. Mimi niliitaka shule hiyo kwa tamaa ambayo sijawahi kutamani kitu kingine hivyo, wala mume. Nilikuwa nimesikia kwamba kule kila msichana ana kitanda chake.

Siku moja wakati wa mapumziko Direktere aliniita kwenye ofisi, Kabange akiwa amekwenda kuchota maji ya darasa. Akafungua droo akatoa kamusi ndogo ya Kifaransa na Kiingereza, isiyo na jalada, kurasa zake za mwanzo zimeng'oka. Akaniambia ni yangu kwa sababu nilikuwa wa kwanza katika insha. Nilitazama mikononi mwake nikitafuta ya pili. Hakukuwa na ya pili. Ningepaswa kusema hapana, mama hakubali, na nilijua hivyo kabisa. Nikaiweka kwapani chini ya shati, nikatoka.

Niliificha jikoni nyuma ya gunia la makala, mkaa wetu wa kupikia. Kila mama alipoenda sokoni nilitafuta kisingizio cha kwenda kuchochea moto, na Kabange alisimama mlangoni kama kawaida lakini akiangalia barabarani, akipiga mluzi. Neno la kwanza nililolitafuta lilikuwa lile la Mama Zaina. Nilikuwa nikitegemea mstari mmoja. Nikakuta karibu nusu ukurasa. Kulikuwa na kitu kilekile kilichokuwepo jana, na kulikuwa na vitu viwili tofauti vinavyofanana, na neno halikujali kuvitenga. Kulikuwa na kusema "hata hivyo," na kulikuwa na kumjibu mtu aliyekutakia heri kwamba nawe unamtakia vilevile. Nilisoma mifano yote kwa kidole chenye makala. Nilichogundua ni kwamba katika kila mfano palikuwa na cha pili. Kitu kilifanana na kingine, au kilikuwa kilekile cha wakati mwingine. Hakuna mahali neno lile lilipokubali kuwa na kimoja tu. Nilifunga kitabu nikawaza kwamba hata Waingereza wanakubaliana na mama.

Siku ya tisa tangu nipewe ile kamusi, Kabange akaanza kukohoa.

Ilikuwa imeingia baridi, ile baridi yetu ya kiangazi inayopita chini ya milango asubuhi. Kwanza mama hakuogopa. Alitununulia dawa ya maji na kila asubuhi tuliinua vidomo vyetu viwili, Kabange anakunywa kijiko kwa kikohozi chake, mimi nakunywa kijiko kwa kikohozi chake. Alitupaka pemba, ule udongo mweupe wa mapacha, kifuani wote wawili. Kikohozi kikashuka mbavuni. Homa ikapanda, na Kabange akaacha kuchekesha, na hapo ndipo mimi nilipoogopa. Kwenye zahanati muuguzi alimchoma sindano, kisha mama akamwomba anichome na mimi. Muuguzi akasema mtoto huyu haumwi. Mama alimbembeleza kwa sauti ndogo mpaka nikaona aibu, mpaka yule muuguzi, kwa kuchoka, akanibandika pamba mkononi kwa plasta mahali palepale alipomchoma Kabange. Mama akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilitoka pale na pamba yangu ya bure, nikijua nisichoweza kumwambia mtu: kwamba pamba haitasaidia, kwa sababu kuna kitu nyuma ya gunia la makala.

Nilikuwa na akili ya kutosha kuwa wa kwanza darasani na bado niliamini hivyo. Sikuamini nusu. Niliona wazi kwamba dada yangu, bila kujua, ameshakasirika moyoni, na kwamba anaondoka kidogo kidogo kila nikifungua ule ukurasa. Niliichukua kamusi mchana mmoja nikaenda nayo hadi kiwanja cha jirani. Mtaa wetu wakati ule ulikuwa umechimbwa matundu matundu kama jibini. Watu walifuata kobalti chini ya vyumba vyao wenyewe, na shimo la jirani lilikuwa limeachwa baada ya kujaa maji. Niliitupa humo. Nilisikia ikigonga ukuta wa shimo mara mbili kabla ya maji. Nikarudi mbio kuona kama Kabange amepona.

Hakuwa amepona. Homa ilishuka, lakini alibaki na kifua kinachopiga filimbi na macho makubwa, na zilikuwa zimebaki siku nne tu kabla ya mtihani. Niliwaza usiku na mchana nini kingine ninacho ambacho yeye hana. Jibu halikuwa gumu. Ningefaulu, yeye asingefaulu, alikuwa amekosa majuma matatu ya masomo na hata kabla ya hapo alikuwa anasoma kwa mkono wangu. Mimi ningepewa kitanda changu kwa masista. Kama kikaratasi kidogo cha kamusi kilimlaza, kitanda kingemwua.

Asubuhi ya mtihani mama alituvisha masweta mawili ya kijani ya Mama Zaina, mimi nikitoka jasho, Kabange akitetemeka. Msimamizi aliyetoka shule nyingine alitutazama, akatabasamu, akatutenganisha: mmoja chumba hiki, mwingine kile. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa kwenye benchi bila bega la mtu. Karatasi ilikuja na maswali yake, kila swali na majibu ya kuchagua. Niliyajua. Nasema hivi bila kujivuna, maana hakuna cha kujivunia: niliyajua karibu yote, na kwa kila swali nilitafuta jibu sahihi, nikaweka kidole juu yake nisije nikalipata kwa bahati mbaya, nikatia alama kwenye lingine. Nilipomaliza niliweka kichwa mezani nikalilia kile kitanda, na msimamizi akadhani maswali yamenishinda.

Majuma yalipita, Kabange akapata nafuu, akarudi kula, akarudi kucheka. Nikawa nimeridhika kwa namna ya uchungu. Nilikuwa nimemnunua.

Kisha matokeo yakaja. Kabange alikuwa amefaulu, tena vizuri. Mimi nilikuwa nimeanguka.

Direktere aliwaita baba na mama, na sisi tukasimama ukutani ofisini kwake tukiwa na nguo zetu za kufanana. Alikuwa mpole. Alieleza kwamba kila mwalimu pale anajua nani kati yetu ana kichwa cha masomo, kwamba msichana aliyelala majuma matatu hawezi kumshinda wa kwanza wa darasa, na kwamba jambo lenyewe liko wazi: tulibadilishana viti. Labda kwa mchezo, labda kwa kuhurumiana. Hakutaka kutuadhibu. Alisema karatasi iliyofaulu ni ya Kyungu kwa haki, na yeye angeandika kwa masista jina la Kyungu, na Kabange arudie darasa. Nani angejua? Sura ni moja.

Kabange alikuwa amekunja kona ya gauni lake mkononi. "Mi njo nilifanya," alisema. "Ni mi mwenyewe. Kila siku nililala pale ku kitanda, nilikuwa nasoma daftari yake. Sikukuwa na kitu kingine ya kufanya."

Hakuna aliyemtazama. Baba aliuliza kama lori linaruhusiwa kuingia kwa masista kupeleka sanduku. Mama akasema hapana, hakuna anayekwenda popote. Watarudia wote wawili, darasa moja, benchi moja, sawasawa.

Na mimi nilinyamaza. Nimeeleza mengi hapa kwa ujasiri, na hili nalo nilieleze. Direktere alikuwa amenipa tena kile nilichokitupa, amekiweka mezani safi, na nilichotakiwa kufanya ni kutofungua mdomo. Nilikiona kitanda. Niliona hata rangi ya blanketi. Niliona pia kwamba kati ya watu wote chumbani, anayejua kuwa Kabange anasema kweli ni mimi peke yangu, na kwamba kwa sura yangu tu, kwa kuwa nimesimama pale nikifanana naye, namfanya awe mwongo. Alifanya kitu kimoja chake maishani na sasa nilikuwa napewa mimi. Aligeuza kichwa akanitazama. Hakuniomba chochote, alikuwa anashangaa tu kwa nini sisemi.

"Hatukubadilisha," nilisema. "Mi nilikosea kwa kupenda. Nilijua yote, nilitia alama mbaya."

Direktere akaniuliza sababu, na nilipoanza sikuweza kuacha. Nilisema yote: kamusi, makala, shimo, siku tisa, pamba ya mkononi. Nilimwambia mama kwamba ni mimi niliyemtia Kabange kifua, kwa kuwa nilikubali kitu kimoja. Nilingoja fimbo. Baba, ambaye alikuwa na neno la mzaha kwa kila jambo, alikuwa ameangalia sakafu.

Mama alikuwa akivuta kamba ya kitenge chake. Aliposema, hakumwambia yeyote hasa.

"Ile triko nilivaaka mi," alisema. "Ilibakia moja tu ku duka. Tata mwenye kutuzaa akasema Kyungu avae kwanza, juu ni mukubwa. Nilivaa. Kabange wangu aliniangalia tu, akasema inakupendeza."

Hatukujua. Miaka kumi na miwili tulikuwa tumekula na kulala ndani ya hadithi ile na hatukujua kwamba mama ana pacha, wala kwamba jina lake la kuzaliwa ni langu. Baba alijua, nilimwona usoni. Direktere alitoa kitambaa akamsogezea, na mama akakiangalia asijue cha kukifanyia. Kisha akaniuliza swali moja, kama mtoto anayemuuliza mtoto mwenzake: nilipoitupa ile kamusi, Kabange alipona siku ileile? Nikasema hapana. Alikuja kupona lini? Nikasema polepole, kwa sindano. Mama akatikisa kichwa mara nyingi. Alisema yeye pia alilivua lile triko. Alimvisha dada yake kwa mikono yake mwenyewe, na hakupona.

Halafu akasimama, akasema Kabange ataenda.

Msidhani alikuwa ameacha kuamini. Aliogopa kuliko zamani, isipokuwa sasa aliogopa na bado akafunga sanduku. Lori la baba lilimpeleka Kabange na godoro lake, na mama akarudi kutoka barabarani akanikalisha kwenye mkeka na hakuniacha nitoke machoni mwake. Kwa sababu kwa hesabu yake, na yangu, sasa mimi ndiye niliyekosa triko. Alinishika paji la uso asubuhi, mchana na jioni. Nilipopiga chafya alikaa chini. Nami nililala katikati ya kitanda kizima, kikubwa, cha peke yangu, kile nilichokililia, nikisikiliza kifua changu kama kitapiga filimbi. Nilirudi darasa la sita nikakaa kwenye benchi na nafasi tupu kando yangu, na mkono wangu, bila kuambiwa, ulikuwa unajisogeza ili mtu aone daftari. Kila mwezi ulipoisha nilikuwa bado naishi. Mama akaanza kusahau paji la uso mara moja, mara mbili. Siku moja niligundua kwamba sijalifikiria jambo hilo tangu asubuhi, na badala ya kufurahi nilishikwa na ghadhabu kwa ajili ya fimbo zote, vijiko vyote vya dawa, na mistari yote ile ya nywele.

Kabange alirudi likizo ya Noeli. Masista walikuwa wamemkata nywele zote. Alikuwa amenenepa, amerefuka, na alikuwa na namna mpya ya kusimama, mikono nyuma, kama mtu anayengoja kengele. Alinichekesha kama zamani, lakini alinisimulia juu ya wasichana nisiowajua na hakumaliza hadithi nyingine kwa sababu nisingeelewa. Mimi nilikuwa na mistari yangu ya nywele na unifomu ya darasa lilelile.

Kesho yake tulikwenda bombani kuchota maji. Kwenye foleni palikuwa na mama mmoja mgeni mtaani, mke wa mchimbaji aliyetoka Kasai, hakuwahi kutuona tukiwa wawili. Alitusalimu, akatuangalia mmoja baada ya mwingine, taratibu. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwomba Mungu amlete mtu mmoja tu atakayetuangalia hivyo.

"Huyu ni yaya yako?" aliniuliza, akimwonyesha Kabange.

Yaya ni dada mkubwa. Wenye kutujua kwenye foleni walianza kucheka, na Kabange akanigeukia, akingoja nimrekebishe, kama ilivyokuwa haki yangu. Nilitafuta usoni mwake mahali nilipozoea kujiona, sikupaona. Iliniuma kuliko nilivyoweza kufikiria kwamba jambo ulilolitaka linaweza kuuma.

"Ndiyo," nilisema. "Ni yaya yangu."

Kabange hakucheka. Aliinamisha ndoo yake, akamwaga kidogo ili yake na yangu zilingane, akajitwika, akashika njia ya nyumbani mbele yangu.